Jemadari wa Stoo ya Vipuri

Jumatatu, 3 Agosti 1992

Leo nimeona jambo. Naandika haraka, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Nilikwenda ofisini kupeleka maombi ya mikanda ya kombaini, zile mashine za kuvunia. Kazi yangu ya kila wiki. Mimi Pascal Margwe, karani wa stoo ya vipuri, shamba la ngano la serikali, mtu wa mikanda na nati. Zita, katibu muhtasi, hakuwepo mezani. Ile kompyuta aliyoiacha mtaalamu wa Kanada aliporudi kwao ilikuwa inawaka. Siku zote kioo chake kimejaa tarakimu. Leo kilikuwa na majani!

Majani ya kijani. Kilima. Mto. Nyumba zenye moshi. Kila kitu kinaonekana kutoka juu, kama vile umekaa kileleni mwa Hanang siku isiyo na wingu. Na chini ya kilima, watu. Wadogo kama punje za ulezi. Wamevaa kofia za chuma. Wameketi.

Nikagusa kitufe kimoja. Kimoja tu, tena kwa bahati mbaya.

Wakasimama wote!

Nilirudi nyuma nikaangusha kiti. Wao wakabaki wamesimama. Wananingoja mimi. Muda wote niliofanya kazi stoo, hakuna mtu aliyewahi kusimama nilipoingia. Hata paka wa stoo hasimami.

Zita akaingia. Akasema huo ni mchezo, mzungu aliuacha kwenye diski, ni wa kuongoza askari vitani, na niondoe mkono wangu. Mchezo! Nikamwuliza wale askari wanafanya nini sisi tukiondoka. Akasema hawafanyi kitu, si watu. Zita ana cheti cha uhazili, lakini kuna mambo asiyoyaona.

Sikula chakula cha jioni. Natalia, mke wangu, ameuliza kama naumwa. Nimemwambia ninafikiri. Akasema basi ni kuumwa.


Jumanne, 4 Agosti

Nimeamka na mpango.

Zita anapenda asali ya nyuki wadogo. Natalia ana chupa ya asali hiyo kutoka kwao Maretadu. Ameificha nyuma ya gunia la maharage kwa ajili ya vifua vya watoto. Watoto hawakohoi mwezi huu.

Makubaliano: Zita akienda kula mchana, mimi nabaki ofisini "kuhakiki vipuri". Jenereta inawaka mpaka jioni, umeme upo. Zita alionja asali kwa kidole, akasema nisibonyeze kitufe chekundu. Hakuna kitufe chekundu. Nadhani alitaka tu kutoa amri. Namwelewa.

Vita vya kwanza. Maneno yote ni ya Kiingereza, nikachukua kamusi ya binti yangu Letisia. Mimi ni Kapteni! Imeandikwa. Kila askari ana mstari mdogo chini ya miguu. Nikatafuta neno lake. Ni moyo. Ari. Akiogopa, mstari unapungua. Akichoka, unapungua. Sijui ni mtu gani aliyekaa akawaza jambo hilo, kumchorea askari asiye na uso woga wake. Nilitazama mstari wa mmoja ukipungua kwa sababu tu alisikia mzinga kwa mbali. Nikashika shavu.

Kisha nikaamuru wavuke mto. Kompyuta ikauliza: Una hakika? Adabu nzuri sana! Hapa shambani hakuna mkubwa anayeulizwa hivyo. Nikabonyeza ndiyo.

Mto ulikuwa na kina.

Wamekwenda wote. Kofia zikaelea kidogo, halafu basi. Na hakuna hata mmoja aliyekataa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Waliingia kwa mstari, wa mwisho akiwaona wa kwanza.

Kesho tutapita darajani.


Jumatano, 5 Agosti

Nimegundua kwamba askari wanaweza kubadilishwa majina. Walikuwa na majina ya kizungu, hata kuwasikitikia huwezi. Nimewapa ya kwetu.

Mstari wa mbele nimeweka madereva wa kombaini. Gidahosh wa Hirbadaw, mrefu kama nguzo ya simu, aliyewaachia kaka zake ng'ombe akaja kuendesha mashine. Fransiska wa Endagikot, dereva mwanamke pekee tuliye naye. Mzee Akonaay, aliyepigana vita vya Kagera na hapendi kuvizungumza.

Na Tadeo. Msimamizi wa mavuno. Filimbi shingoni hata kanisani, sauti ya kusikika Katesh. Ananiita Bwana Nati mbele za watu. Mwezi uliopita alitaka beringi, nikamwambia ajaze fomu. Akasema mimi hata mtu akizama nitamwomba fomu kabla ya kumpa kamba. Watu walicheka siku nzima. Kwa hiyo Tadeo wa kwenye kompyuta nimempa kazi ya heshima: kutangulia peke yake kwenye uwanja wa mabomu.

Akapita. Akarudi! Nikamtuma tena. Akapita tena! Nikamtuma kwenye nyumba yenye bunduki ya rashasha. Akaiteka! Mstari wake wa moyo ukarefuka kuliko wa wote.

Kwa wengine mambo hayakuwa mazuri. Una hakika? Ndiyo. Gidahosh kaanguka kilimani. Fransiska darajani. Mzee Akonaay sijui hata wapi, nilikuwa namtazama Tadeo.

Jioni nafunga stoo, nikamwona Fransiska akishuka kwenye kombaini yake. Uso umejaa vumbi la makapi. Anapiga mluzi. Mzima! Nilisimama nikamkodolea macho kama mtu aliyefufuka. Mikono ipo. Miguu ipo. Nikafungua stoo tena nikampa chujio jipya la dizeli bila fomu.

Alilipokea kwa vidole viwili, akaniuliza lina kasoro gani.


Alhamisi, 6 Agosti

Asali imekwisha, na siri imekwisha pamoja nayo. Zita amewaambia watu kantini kwamba karani wa stoo anawaua kila siku saa ya chakula.

Walikuja wote watatu niliowaua jana. Nilijificha nyuma ya matairi. Haikusaidia. Stoo ni yangu, kila mtu anajua nilipo.

Fransiska alianza. "Bwana Pascal, mama yangu yuko hai, Endagikot. Umeniua kwa sababu gani?"

Nikasema ilikuwa lazima tushike daraja.

"Daraja la wapi?"

Kwa kweli sijui ni la wapi.

Gidahosh hakukasirika. Aliinama apite mlangoni, akasema yeye ana swali moja tu. "Nilianguka nimewatazama maadui, au nimewapa mgongo?"

Nikasema alikuwa amewatazama. Ukweli ni kwamba ukiwa juu huoni mbele ya mtu wala nyuma yake, unaona kofia tu. Akaitikia kwa kichwa. Akasema basi sawa. Tangu hapo anatembea shambani kama mtu aliyepokea habari njema kutoka nyumbani.

Mzee Akonaay nilimpa shikamoo mara mbili. Akaitikia zote mbili. Akasema anataka kuona.

Nikampeleka mchana. Zita alinung'unika lakini akatupisha. Mzee alivua kofia mbele ya kompyuta, kama anaingia nyumba ya mtu. Akatazama muda mrefu. Nikamwonyesha vitufe. Nikamweleza kwamba adui yuko kaskazini na lengo letu ni lile kanisa lenye mnara. Akavaa miwani. Akaanza na kidole kimoja, taratibu, askari mmoja baada ya mwingine.

Nikaona anawapeleka kusini. Nikamwambia, Mzee, adui yuko huku juu. Akasema amemwona. Akaendelea.

Aliwapeleka wote mpaka ukingoni mwa kioo, mahali penye miti, mbali na kila kitu. Akawaketisha. Akatafuta kama kuna aliyebaki. Alikuwepo mmoja nyuma ya ukuta, mstari wake wa moyo karibu umekwisha. Akamrudia huyo. Ilichukua muda, kwa sababu kila alipomsogeza kidogo maadui walimfyatulia risasi, naye Mzee akamlaza, akangoja, akamsogeza tena. Alipomfikisha kwa wenzake nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

Halafu Mzee akakaa tu, akiwaangalia. Mistari yao ilikuwa inapanda. Mmoja, na mwingine, na mwingine. Sikujua kama inaweza kupanda hivyo!

Kompyuta ikaandika kwamba ameshindwa. Nikamsomea.

"Haidhuru," akasema. "Iambie asante." Akavaa kofia, akarudi kazini.

Nilikaa pale peke yangu nikajisikia vibaya, sijui kwa nini. Halafu nikakumbuka kwamba kanisa halikutekwa.


Ijumaa, 7 Agosti

Tadeo ameanguka! Yule wa kweli. Kidole tumbo. Alikuwa anapuliza filimbi asubuhi, katikati ya mlio akajikunja kama kisu cha kukunja. Landrova imempeleka hospitali. Naandika kwa haki kabisa: sikufurahi. Nilikwenda tu kusimama karibu na ofisi ya Meneja nikiwa nimechomekea shati.

Hali yenyewe ni hii. Shamba la kilimani halijavunwa. Ngano imeiva mpaka inalia ukiigusa. Na juu ya Hanang kuna wingu jeusi ambalo mwezi huu halina kazi yoyote huku kwetu. Likishuka na mvua ya mawe, jasho la watu tangu Februari linalala chini. Wasimamizi wengine wako upande wa pili wa bonde na mashine zao. Meneja anatembea barazani, anakwenda, anarudi, anakwenda.

Nikampa shikamoo, nikasema nipo.

Akauliza nipo kwa ajili ya nini. Nikasema uongozi. Akauliza kama nimewahi kuongoza watu. Nikasema, mkuu, wiki hii nzima nimeongoza watu katika hali ngumu sana. Akauliza matokeo. Nikasema tulifika darajani.

Alinitazama mimi. Akalitazama wingu. Nafikiri ni wingu lililonipa kazi.

Nimekabidhiwa filimbi ya Tadeo! Ni nzito kuliko inavyoonekana ikiwa shingoni mwa mwingine. Meneja akasema nisibadilishe kitu chochote. Madereva wanajua kazi yao. Mimi nihakikishe trela zinafika na chakula kinafika, basi. Nimemsikia. Lakini yeye hajawahi kuliona shamba kutoka juu.

Nimechora ramani. Mishale mingi. Natalia anauliza pazia la chumbani liko wapi. Liko kwenye fimbo mbili. Ni bendera.


Jumamosi, 8 Agosti

Naandika nikiwa nimelowa. Nianze mwanzo.

Asubuhi nilipanda juu ya boza la maji, lile gari la tangi, kwa sababu hakuna kitu kirefu zaidi. Nikainua macho. Ngano mpaka mwisho wa kuona. Nyuma yake Hanang, juu ya Hanang lile wingu. Upepo ukapita, na shamba zima likainama, likainuka. Nilivua kofia bila kujua.

Chini yangu kombaini tatu, injini zinanguruma. Gidahosh, Fransiska, Mzee Akonaay. Wote wamegeuza shingo wananitazama. Wananingoja.

Hapo ndipo nilipoogopa. Wale wa kwenye kompyuta hawana macho.

Gidahosh akapaza sauti: "Kapteni! Leo tunafia wapi?"

Wakacheka. Hata mimi nikacheka. Nikapuliza filimbi.

Wakaondoka! Mashine kubwa kama nyumba zimeondoka kwa pumzi yangu! Ya kwanza mbele, ya pili nyuma yake kidogo kwa pembeni, ya tatu vivyo hivyo, kila moja inakata pale mwenzake alipoishia. Vumbi linapanda la rangi ya asali. Trekta inasogea na trela ubavuni, ngano inamiminika ndani yake huku zote zinatembea, hakuna anayesimama. Ilikuwa nzuri mno. Kwa muda mrefu sikuamuru kitu. Ningekufa wakati ule ningezikwa kama jemadari.

Lakini jemadari hawezi kukaa tu.

Mpango wangu ulikuwa kuizunguka ngano. Gidahosh apite nyuma ya kilima, atokee upande wa pili, ngano ishtukie. Bendera ya kulia! Akasimamisha mashine. Akashuka. Akaja mpaka chini ya boza, akauliza kama nina hakika.

Maneno yaleyale! Nikasema ndiyo. Akapanda, akaenda.

Fransiska nikamtuma kushoto, afuate ukingo wa korongo. Trela zote nikazipeleka mbele kabisa, zingoje pale ushindi utakapopatikana. Gari la chakula lilipofika, nikalituma mlimani likaangalie wingu kwa karibu.

Kisha sikuona mtu. Mimi na pazia langu, na kilima kati yangu na jeshi. Nikagundua kwamba kwenye kompyuta kilima hakizuii macho.

Baadaye kidogo nikaona. Tangi la ngano la kombaini ya Mzee Akonaay limejaa, trela hakuna, amesimama katikati ya ngano amefunga mikono. Gidahosh akatokea nyuma ya kilima, mbio, kwenye mstari uleule wa Mzee, uso kwa uso. Akafunga breki. Wakabaki wakitazamana kama mafahali wawili. Na kutoka kushoto ikaja sauti. Si ya kugonga. Ya kitu kizito kinachoburuzika. Halafu Fransiska akiita.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka kukimbia, ngano inanipiga kiunoni, filimbi inanigonga meno. Kombaini ya Fransiska imelalia korongoni, gurudumu moja liko hewani linazunguka polepole, udongo unamomonyoka chini ya lile lingine. Yeye yuko kitini, ameshika usukani, hathubutu kusogea. Ananitazama.

"Pascal," akasema. Hakusema bwana. "Niruke au nikae?"

Mungu wangu. Hakuna kitufe. Alikuwa ananingoja kwelikweli. Ana jasho juu ya mdomo. Mstari wake wa moyo niliuona bila kuchorwa. Na nikajua kwamba lolote nitakalosema, atalifanya. Sijawahi kuogopa neno langu mwenyewe hivyo.

Gidahosh akanipita kwa miguu yake mirefu, anaburuza mnyororo. Mzee Akonaay nyuma yake, na dereva wa boza nyuma yao na boza lake.

"Kaa hapohapo, mwanangu," Mzee akamwambia, kwa sauti ya chini, kama anaongea na mtu aliye karibu na usingizi. "Zima injini. Unione mimi. Chini usiangalie."

Wakafunga mnyororo. Mimi niliambiwa nining'inie kwenye ngazi ya upande wa juu, niwe mzigo. Nikaning'inia. Nilikuwa mzigo mzuri. Boza likavuta, likateleza, likavuta. Nilihisi lile dubwana lote linawaza chini yangu, liende au lirudi. Likarudi!

Fransiska alishuka akaketi chini papo hapo. Alikuwa anacheka au analia, sikuweza kujua. Akasema, "Hii ingekuwa mara ya pili wiki hii." Kisha akaniangalia, nikageuka nikatazama mlima, na mlima haukuwepo. Wingu lilikuwa limeufunika mpaka chini, na upepo ulikuwa umegeuka baridi.

Hakuna aliyepuliza filimbi. Gidahosh na Mzee wakapanda. Fransiska aliiacha mashine yake pale, ekseli imepinda, akachukua trekta akazifuata trela. Hawakusemezana. Mmoja akigeuka, mwingine alishajua. Nilisimama nikiwaangalia mdomo wazi. Kisha mtu akanirushia ncha ya turubai, nikashika, nikakimbia nayo kufunika trela, nikarudi kuchukua nyingine, mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Mvua ya mawe ilishuka imebaki kona moja ya shamba. Tulikuwa chini ya trela ya mwisho, tumebanana, njaa tele. Iliingia shambani kama ng'ombe elfu. Mawe makubwa kama mayai ya njiwa. Ile kona ya ngano ikalala yote, kwa mara moja, upande mmoja, vichwa vinatazama kulekule. Gidahosh alitamka jina la Mungu kwa lugha ya kwao. Mzee Akonaay alitoa mkono nje, akapokea jiwe moja, akalitazama linavyoyeyuka kiganjani.

Ndipo gari la chakula likarudi kutoa taarifa. Wingu liko karibu.


Jumapili, 9 Agosti

Baada ya misa Meneja alikuja nyumbani. Nilitaka kutorokea dirishani. Halina pazia, alishaniona.

Akasema amewahoji madereva. Aliwauliza ni nani aliyeamua kuendelea kuvuna wakati wingu linashuka. Gidahosh alimjibu ni Kapteni. Aliuliza kuhusu korongo. Fransiska alisema udongo ulikuwa laini. Mzee Akonaay alisema karani alifanya kazi ya mikono kama watu wengine. Basi.

Siwadai chochote wale, na kila mmoja ana sababu ya kunitupa korongoni. Nimelifikiria mchana kutwa. Kwenye mchezo wote hakuna kitufe cha jambo kama hilo, askari kumfunika kapteni wake.

Meneja hakusema kama ameamini. Alinyoosha mkono, nikampa filimbi. Kesho nirudi stoo. Fransiska atasimamia mpaka Tadeo apone. Amepasuliwa, anaendelea vizuri, tayari anawaamrisha wauguzi.

Natalia amesema, "Baba Letisia, kikohozi cha watoto kimeanza, na asali siioni." Nikamwambia nitaeleza. Akavuta kiti akakaa kusikiliza. Nilieleza mpaka giza likaingia.

Nimeapa. Sitaongoza tena kiumbe chochote chenye uhai. Nimempa Zita diski aifungie kabatini. Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa: NIMEJIFUNZA.


Jumatano, 12 Agosti

Kweleakwelea wamefika!

Walitokea mchana upande wa Hirbadaw. Tulidhani ni moshi. Tukadhani ni vumbi la ng'ombe wanaohamishwa. Halafu ule moshi ukageuka, ukang'aa, ukageuka tena. Ndege! Hawahesabiki. Ndege mdogo asiyejaza kiganja, lakini wote pamoja wanafunika jua. Mlio wao ni kama mto umeinuliwa angani. Wanataka shamba la bondeni, lile lililochelewa kupandwa, ngano yake bado laini.

Shamba zima limetoka mbio na madebe. Fransiska anapanga watu mistari. Gidahosh anapiga kelele za kwao. Hata Zita ametoka na sufuria ya kantini na mwiko. Mimi nilitoka na rimu ya gurudumu na spana, nikapiga mara chache, kisha nikaacha. Nilisimama tu.

Kwa sababu niliwaangalia. Wanapanda wote. Wanashuka wote. Wanageuka kushoto kwa mara moja, jeshi lote, na hakuna hata bawa moja linalogusa lingine! Hawana filimbi. Hawana bendera. Hakuna anayeuliza lolote. Machozi yalinitoka, nakiri. Uzuri ule, na wanakuja kutumaliza.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la Jumamosi. Liko wazi kabisa, sijui kwa nini sikuliona. Niliongoza watu wetu! Kumbe unapaswa kumwongoza adui.

Kwani lazima yupo anayewaambia. Haiwezekani wageuke hivyo wenyewe. Nimekaa juu ya paa la stoo tangu saa tisa, nimemtafuta, na nafikiri nimempata. Yuko pembeni kushoto, ana weusi kidogo kichwani kuliko wengine. Akigeuka yeye, wote wanageuka. Nimemwona mara nyingi. Mara nyingine alikuwa pembeni kulia, lakini ndivyo wakubwa wanavyokagua majeshi.

Nimekwenda kwa Meneja. Nimemwambia awaondoe watu wote shambani pamoja na madebe yao, wanamvuruga yule kiongozi. Sihitaji mtu. Sihitaji mashine. Nahitaji chandarua kimoja na ngazi ndefu, kesho alfajiri, kabla hajaamka.

Nitamshika. Nitamweka kwenye boksi la beringi lenye matundu, nimpe maji na punje chache, nimweleze msimamo wetu kwa heshima. Na nikishakubaliana naye yule mmoja, jeshi lote lile litageukia Babati.